Papa msumeno wa Unguja

Machi 2020, mwezi uleule ambao Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, jarida la kisayansi la PLOS ONE lilichapisha makala ndefu kuhusu papa wenye pua za msumeno. Wakati huo masikio ya watu yalikuwa na habari moja tu. Shule zilifungwa, ndege zikapungua, watalii wakaondoka Nungwi na Paje. Katika siku hizo ilitoka habari ambayo wakati mwingine wowote ingestahili kusomwa redioni na kuzungumzwa barazani: katika maji ya Zanzibar, kwenye kina cha kati ya mita 20 na 35, anaishi papa ambaye hadi hapo hakuwa na jina la kisayansi, na ambaye waandishi wa makala hiyo hawakumpata popote pengine duniani.

Jina alilopewa ni Pliotrema annae. Mimi nitamwita papa msumeno wa Unguja.

Mita 20 hadi 35 ni kama pima 11 hadi 19 kwa hesabu ya wavuvi wetu. Si kina cha kutisha. Si lile giza la mita elfu moja ambako watafiti hushusha kamera kwa waya mrefu wakarudi na picha za viumbe wenye taa usoni. Ni kina cha kawaida kabisa kwenye maji yanayotenganisha Unguja na bara, maji yanayokatwa na boti za Dar es Salaam kila siku, na ambako dau lenye tanga moja huenda kutega jioni na kurudi alfajiri. Ndiyo maana habari hii imenikaa rohoni tangu nilipoisoma. Tunazungumzia papa, tena mwenye msumeno usoni, aliyeishi jirani na mji wenye bandari, soko kubwa la samaki na taasisi ya utafiti wa bahari, na vitabu vya sayansi havikuwa na mstari hata mmoja unaomhusu.

Wacha nimweleze alivyo, kwa sababu picha zake ni chache na wengi wetu hatutamwona kwa macho.

Ukimlaza ubaoni na kumtazama kwa juu, unaona mwili mwembamba, mbele bapa, rangi ya hudhurungi. Ana mapezi mawili mgongoni, yote hayana miiba. Macho yako juu ya kichwa, na nyuma ya kila jicho kuna tundu la kuvutia maji, maana samaki anayelala mchangani na mdomo wake uko chini hawezi kuutegemea mdomo huohuo kwa kupumua bila kumeza mchanga. Kisha kuna ile pua. Imenyooka mbele ikawa ubapa mrefu, kati ya robo na theluthi ya urefu wa samaki mzima, na pande zote mbili imepangwa meno. Meno hayo hayalingani: moja refu, yanafuata mafupi mawili matatu, kisha refu jingine. Yale marefu, katika jenasi hii ya Pliotrema, yaani kundi la aina zilizo ndugu wa karibu, yana vijimiba kwenye ukingo wa nyuma. Ukipitisha kidole kuelekea ncha ya pua ndipo utakapojua maana yake.

Mgeuze sasa, tumbo juu. Tumbo ni jeupe. Chini ya ule ubapa, kiasi cha nusu ya njia kutoka ncha ya pua hadi mdomoni, zinaning'inia sharubu mbili laini, moja kila upande. Mdomo uko nyuma kabisa, umejipinda kidogo, una meno madogo madogo ambayo hayafanani na picha ya papa tuliyonayo vichwani. Halafu hesabu mipasuo ya matamvua ubavuni, kabla ya pezi la kifuani. Papa karibu wote duniani wana mipasuo 5 kila upande. Huyu ana 6. Wako papa wachache wengine wenye 6 au hata 7, wa ukoo wa kale unaoishi zaidi kwenye kina kirefu, lakini ndani ya jamii ya papa msumeno ni jenasi ya Pliotrema tu. Ndugu zao wa jenasi ya Pristiophorus, wanaopatikana Australia, Japani, Ufilipino, Bahama na hata Msumbiji, wana 5 kama papa wa kawaida.

Kwa ukubwa, huu ni ukoo wa papa wadogo. Wakubwa kabisa katika ukoo wote wanafika mita moja na nusu hivi, na yule mdogo wa Msumbiji, Pristiophorus nancyae, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2011, hafiki hata mita moja. Ni papa ambaye mtoto wa darasa la nne anaweza kumbeba kwa mikono miwili, mradi aangalie pua.

Pua yenyewe haitumiki kupasulia mawindo makubwa. Papa hawa hula samaki wadogo, kamba na ngisi. Sharubu huburuzwa karibu na mchanga zikipapasa, na kwenye ngozi ya ule ubapa kuna vitundu vinavyohisi umeme hafifu unaotolewa na mwili wa kiumbe aliyejificha. Akishampata, humchapa kwa kutikisa kichwa upande kwa upande, kisha anamfuata akiwa ameduwaa au amejeruhiwa. Samaki anayeona kwa kupapasa na kuhisi umeme hana shida na maji machafu. Hilo nalizingatia sana ninapofikiria maji yetu ya wakati wa masika, mito ya bara inapomwaga matope baharini na mtu huoni hata nanga yako ikishuka.

Hapa kuna mkanganyo ninaousikia kila ninapomtaja samaki huyu. Msikilizaji huniambia, "Ah, papa upanga, namjua." Hapana, huyo ni mwingine. Papa upanga, yule mkubwa wa mikoko na midomo ya mito, anayeweza kufika mita 6 na zaidi, kwa asili yake ni wa ukoo wa taa, wale samaki bapa, si papa. Matamvua yake yako chini ya mwili kama taa wote, hana sharubu, na meno ya upanga wake yakishang'oka yamekwenda. Papa msumeno ana matamvua ubavuni, ana sharubu, na meno ya pua yake hung'oka na kuota mengine maisha yake yote. Wamefanana kwa kazi, hawakufanana kwa nasaba. Wa kwanza biashara yake ya kimataifa imebanwa kwa mkataba tangu 2007 na katika sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania hajaonekana kwa miaka mingi. Wazee wanamkumbuka, vijana wanamsikia. Wa pili hajulikani kiasi cha mtu yeyote kuweza kumkumbuka.

Sasa amejulikanaje?

Kwa miaka 114 sayansi ilijua aina moja tu ya papa msumeno mwenye matamvua 6. Mwaka 1906 Charles Tate Regan, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, alimwelezea kutokana na samaki wa Afrika Kusini na kumpa jina Pliotrema warreni, kwa heshima ya Ernest Warren aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya Natal. Tangu hapo kila papa msumeno mwenye matamvua 6 aliyeingia kwenye chupa ya makumbusho aliandikwa warreni. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa jina lilikuwa moja.

Kilichofungua mlango ni pua mbili zilizokaushwa. Mtafiti Ruth Leeney, ambaye amefanya kazi nyingi juu ya uvuvi wa vijijini na juu ya papa upanga katika pwani za Afrika, alizikuta katika vijiji vya kusini magharibi mwa Madagascar. Zilionekana kuwa na tofauti. Simon Weigmann wa Hamburg, anayeshughulika na papa na taa wa Bahari ya Hindi, akaanza kupekua vielelezo vya zamani katika makumbusho mbalimbali, pamoja na Ofer Gon wa Afrika Kusini. Wakapima kila kitu kinachopimika katika samaki: umbali kutoka ncha ya pua hadi sharubu, kutoka sharubu hadi mdomo, pembe ya pua, ukingo wa pua kama umebonyea ndani au umetokeza nje, safu za meno taya la juu zinaishia wapi.

Hapo ndipo zile sharubu zilipotoa ushahidi wake. Kwa papa wa Regan, sharubu ziko karibu na mdomo: ukitoka ncha ya pua unapita theluthi mbili za njia ndipo unazikuta. Kwa samaki wa Madagascar na wa Unguja, ziko katikati. Ni tofauti ambayo mtu asiye na shahada yoyote anaweza kuiona kwa rula ya shule, na ilikaa ndani ya chupa za spiriti kwa miongo bila kuonwa. Simlaumu mtu kwa hilo. Aliyekuwa na samaki mmoja mkononi hakuwa na wa kumlinganisha naye. Lakini inanifanya niamini kwamba rula na subira bado vina kazi kubwa katika bahari yetu, hata zama hizi za kupima vinasaba.

Ikaonekana kuna aina mbili mpya. Wa kwanza akaitwa Pliotrema kajae, wa Madagascar na safu ya milima ya chini ya bahari inayoelekea Mauritius na Shelisheli, anayeishi kwenye kina cha mita 214 hadi 320, mwenye mistari miwili myembamba ya manjano mgongoni. Wa pili ndiye wetu. Kaja ni binti wa Weigmann, na Anna ni mpwa wake. Hivyo ndivyo majina yalivyopatikana, na sheria za majina ya wanyama zinaruhusu. Ningependa jina la mahali liwemo ndani yake, sikatai. Lakini samaki ameshaingia kwenye daftari la dunia, na hilo ni kubwa kuliko jina.

Vielelezo vya Unguja vilipatikana kupitia kazi ya watu waliokuwa wakifuatilia papa na taa wanaoletwa na wavuvi wadogo: Per Berggren, Andrew Temple na Ellen Barrowclift wa Chuo Kikuu cha Newcastle, wakishirikiana na Dk. Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo iko Zanzibar chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la Jiddawi limo kwenye orodha ya waandishi, na nalitaja kwa fahari. Wanafunzi wengi wa mambo ya bahari Zanzibar wamepita mikononi mwake.

Angalieni basi ni kazi ya aina gani iliyomtoa papa huyu gizani. Haikuwa meli ya utafiti yenye winchi na maabara. Ilikuwa kazi ya kusimama madikoni, wakati boti zinaingia, na kutazama kilichoshushwa. Kazi ya harufu, ya jua, ya kuulizana na watu wenye haraka ya kuuza kabla barafu haijayeyuka.

Aliyewahi kufika diko wakati wa mnada anajua mambo yanavyokwenda. Samaki wakubwa wanashushwa kwanza, jodari na nguru, mnadi anapaza sauti, wachuuzi wenye vikapu na baiskeli wamemzunguka. Papa wadogo na taa hushuka baadaye. Wanamwagwa kwenye sakafu iliyolowa, wanapangwa mafungu kwa kukadiria macho, watano hapa, saba pale, aina tatu nne zimechanganyika, wengine wakiwa bado na uchafu wa wavu kwenye mashavu. Ngozi yao ikikukwaruza mguuni unaiona damu kabla ya kuhisi maumivu. Fungu likinunuliwa, mwenye kisu anaanza pale pale: kichwa mbali, mapezi mbali, utumbo mbali. Muda mfupi baadaye huwezi kusema yule alikuwa papa gani. Nyama itakwenda kupikwa kwa nazi na ndimu, au itatiwa chumvi na kuanikwa. Pwani yetu imekula papa mkavu tangu majahazi ya Arabuni yalipokuwa yakija nao na kaskazi, na mimi mwenyewe nimelelewa kwa mchuzi wake. Siandiki hapa kumzuia mtu kula papa.

Nilimpelekea ami yangu picha ya samaki huyu kwenye simu. Amevua kwa jarife, wavu wa samaki wakubwa, sehemu kubwa ya maisha yake, mpaka mgongo ulipomkatalia.

"Nashikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hiyo simu."

Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kwenye pua, akateremka kwenye sharubu, akasimama kwenye matamvua, midomo yake ikihesabu. Nilikuwa sijamwambia habari ya 6.

"Amezidi mmoja," akasema. Kisha akairudisha picha kwenye pua. "Kitu chenye meno ya nje namna hii kikigusa jarife, basi. Akijitikisa anajifunga zaidi. Asubuhi hufungui fundo hapo. Unakata wavu, au unamkata yeye."

"Na mnakata kipi?"

"Wavu una bei, mwanangu."

Akanyamaza kidogo akiitazama picha, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Waliompima walimpimia wapi? Maana sisi tumeleta samaki hapa miaka yote, sijaona mtu amekuja na kipimo akauliza huyu nani." Nilimweleza habari ya watafiti wa madikoni. Akasema ni kazi nzuri, ila waje na madiko mengine.

Swali lake lina uzito kuliko anavyodhani. Mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya papa huyu kutangazwa, Temple na wenzake walichapisha hesabu ya papa na taa wanaovuliwa na wavuvi wadogo wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, wakitumia takwimu walizokusanya madikoni Kenya, Zanzibar na Madagascar. Walikadiria kwamba kinachovuliwa ni zaidi ya takwimu rasmi kwa asilimia 73. Kwa idadi ya samaki, makadirio yao yalifika kama milioni 2.5 kwa mwaka. Na hata pale takwimu rasmi zinapokuwepo, mara nyingi huwa na neno moja, papa, na uzito kwa kilo. Pingusi mchanga, papa wa miamba, papa msumeno asiyejulikana duniani, wote ni kilo kwenye safu moja ya daftari. Samaki wa namna hiyo anaweza kupungua mwaka hadi mwaka na daftari lisioneshe chochote, kwa kuwa kilo za papa wengine zitaziba nafasi yake.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa papa msumeno wa Unguja kuliko kwa ndugu yake wa Madagascar. Kajae anaishi mita 200 chini na zaidi, ambako wavu wa dau haufiki. Hata yule wa Afrika Kusini, warreni, ana nafasi ya kujificha, maana anapatikana kutoka mita 26 hadi 500. Wetu, kwa yaliyoandikwa juu yake katika makala ile ya 2020, yuko kwenye ukanda wa mita 15 tu za kina, na ukanda huo ndio uwanja wa kazi wa uvuvi wetu. Juu yake kuna jarife. Pua yake imeumbwa vizuri mno kwa kunasa.

Tena si samaki wa kuzaana kwa wingi. Papa msumeno hatagi mayai maelfu kama chewa au changu. Mayai huanguliwa tumboni mwa mama na watoto huzaliwa hai, wakiwa wamekamilika. Kwa warreni, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi katika jenasi hii, mimba moja kwa kawaida hutoa watoto 5 hadi 7. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha: mtoto wa papa msumeno huja duniani na msumeno wake tayari, lakini meno yake yamelala, yamekunjwa kuelekea nyuma, yamebanana na pua. Hivyo hamkwaruzi mama yake akiwa tumboni wala wakati wa kutoka. Akishazaliwa ndipo yanaposimama. Mama mmoja mwenye mimba akinaswa, kizazi kizima kimekwenda naye sokoni.

Kuna fikra moja imekuwa ikinizunguka kuhusu ule ukanda wa mita 20 hadi 35. Takriban miaka 20,000 iliyopita, zama za barafu, maji ya bahari duniani yalikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya bara, na mnyama angeweza kutembea kutoka Bagamoyo mpaka Makunduchi bila kulowa. Ndivyo chui alivyofika Unguja akabaki huko bahari ilipopanda. Pemba ni habari nyingine, kwa sababu mkondo wake una kina kirefu mno, na maji hayakuondoka. Kwa hiyo sakafu yote anayoishi papa huyu leo ilikuwa nchi kavu, nyasi na miti. Mababu zake walikuwa mahali pengine, pengine kwenye mteremko wa mashariki unaoshuka haraka kuelekea bahari kuu, na bahari ilipopanda nao wakapanda nayo. Huu ni mtazamo wangu kutokana na kina cha maji tu. Lakini nikiuweka mbele yangu namwona papa huyu si kama masalia ya kale aliyesahauliwa mahali, bali kama mhamiaji aliyekuja na maji yaleyale yaliyoifanya Unguja kuwa kisiwa.

Wapo watakaouliza faida. Papa mdogo, asiye na soko la pekee, asiyevutia wazamiaji, ana faida gani? Nalichukua swali hili kwa uzito kwa sababu linaulizwa na watu wanaoishi kwa samaki, si na watu walioshiba. Jibu langu ni kwamba hatuwezi kupanga uvuvi wa bahari tusiyoijua. Kama papa mwenye msumeno usoni ameweza kupita machoni petu miaka yote hii, basi wale wasio na alama ya wazi kama hiyo, papa wadogo wa kijivu wanaofanana wote fungu zima, wana nafasi kubwa zaidi ya kutupita. Na wavuvi wenyewe ndio wa kwanza kuumia bahari ikipungukiwa kimyakimya, kwa sababu wao hawana daftari la kuwaonya, wana mfuko tu.

Ninachotamani ni kidogo na kinawezekana. Kila diko lina bwana diko, na kwenye kamati za wavuvi kuna vijana wenye simu za kamera. Daftari la papa likigawanywa, badala ya safu moja likawa na safu sita au saba za aina zinazotambulika kwa macho, tutakuwa tumepiga hatua ambayo hakuna meli ya utafiti itakayotupigia. Mvuvi anayetoa habari alipwe kitu, hata vocha, kwa sababu muda wake una bei kama wavu wake. Na matokeo yarudi dikoni kwa Kiswahili. Makala ile ya 2020 iko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa senti, lakini imejaa istilahi na imeandikwa kwa Kiingereza. Ami yangu alihesabu matamvua 6 kwa kutazama picha tu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa samaki, anahitaji kuambiwa kwamba alichokiona kina maana.

Kwa hiyo kama wewe ni mvuvi, mchuuzi au mnunuzi wa kitoweo, na siku moja ukakutana na samaki mwenye msumeno na sharubu, fanya hivi kabla kisu hakijamfikia. Mpige picha kwa juu, mzima, pamoja na kitu kinachoonesha ukubwa, hata kiatu. Mgeuze umpige picha ya chini, pua yote mpaka mdomoni, sharubu zionekane ziko wapi. Piga picha ya ubavu ili matamvua yahesabike. Muulize aliyemleta alimpata wapi na pima ngapi, na kwa wavu wa matundu gani. Kama ni jike, tazama tumboni kuna watoto wangapi. Kisha zifikishe picha hizo kwa bwana diko, kwa afisa uvuvi, au moja kwa moja kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo Unguja. Kama bado yu hai wavuni, kata nyuzi mbili tatu umrudishe majini, na ushike mkiani, si puani.